Mbuzi Hachinjiwi Hewa

Mara ya kwanza Mwalimu aliponisimulia kisasi chake nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilikuwa nimempelekea maziwa. Alipokea jagi, akalinusa kama kawaida yake, akaniambia niketi kwenye kigoda. "Kuna mtu alinikosea," akasema. "Alinikosea mara nyingi, nikanyamaza. Halafu siku moja akanikosea ile ya mwisho. Huyo nitamlipa, mami, na hatajua analipwa mpaka awe ameshalipwa." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupanda viazi. Kisha akanipa parachichi nimpelekee baba.

Mtu mwenyewe alikuwa baba. Siku ile sikujua. Nilikuja kujua miaka kadhaa baadaye, Mwalimu aliposimulia tena habari ile ile kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, akaongeza kwamba mtu huyo ana ng'ombe wa pembe moja. Kutoka barabara ya Karatina hadi kijitoni kwetu, ng'ombe wa pembe moja alikuwa mmoja tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemkama asubuhi hiyo. Watu wakageuka kumtazama baba. Baba akatazama debe lake la kahawa. Mwalimu akatoka kwenye nafasi yake, akaja akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza ng'ombe anaendeleaje.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye kibanda cha mitumba katika soko la Karatina, na sina uvumilivu na watu wanaozungusha maneno. Mteja akitaka koti, aseme koti. Labda ndiyo sababu Mwalimu amenisumbua maisha yangu yote. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Nimejaribu kumpenda, hapo pia nimeshindwa. Hata leo sijui kama alikuwa mtu mbaya mwenye adabu nzuri, au mtu mwema aliyependa kujisimulia kama mbaya.

Aliishi ng'ambo ya kijito kinachotenganisha shamba letu na lake. Tangu nimfahamu alikuwa na koti moja la kahawia alilolivaa kwenye jua na kwenye baridi, na viatu alivyovipaka rangi kila asubuhi hata baada ya kustaafu, wakati hakuna aliyekuwa akimwona ila kuku. Hakukimbia kamwe. Mvua ya masika ikimkuta njiani, sisi tukitawanyika, yeye alitembea kwa mwendo wake wa siku zote, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia. "Mvua haina adabu," alisema. "Sasa na mimi nikose?" Ukoo wake aliutaja kwa nadra, na kila alipoutaja ilikuwa kwa jambo moja. "Kwetu tunaweza kuchelewa," alisema. "Lakini kusahau, hapana."

Alinifundisha darasa la sita. Walimu wengine walikuwa na fimbo, na fimbo tuliijua: inauma, inaisha, unarudi kucheza. Mwalimu hakuwa na fimbo. Aliingia, akatutazama, akamnyooshea mtu kidole. "Simama. Unajua ulichofanya." Basi, hakuongeza neno. Mtoto alisimama pale jasho likimtoka, akaanza kutaja. Nimechukua chaki. "Si hilo." Nimemwita Wanjiru mbuzi. "Si hilo." Nimekojoa nyuma ya ofisi. Darasa lilicheka, halafu likaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Siku yangu ilipofika nilitaja mambo ambayo mama yangu hayajui hadi leo, na mwishowe Mwalimu akasema tu, "Kaa chini, mami. Umefanya vizuri."

Nilipokwisha kuolewa na kuwa na watoto wangu, nilimuuliza kama kweli alikuwa akiyajua makosa yetu. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nilijua kitu moja tu," akasema. "Hakuna mtoto hana kosa." Nilicheka pamoja naye. Nilipofika nyumbani nikagundua nimekasirika, na sikuelewa kwa nini.

Kuhusu subira yake ningeweza kukaa hapa mpaka kesho. Fuko walipoingia shambani mwake, hakuita mtegaji kama watu wengine. Alitega mwenyewe kwa kijiti kilichopindwa na uzi, kisha akaketi karibu na shimo na gazeti la zamani, kimya, akingoja udongo utikisike. Mke wake, ambaye sasa ni marehemu, alimpelekea chakula hapo hapo. Lakini akishamnasa fuko hakumuua. Hakuweza kuua kitu. Hata kuku wake wa Krismasi alichinjiwa na baba yangu. Alimtia fuko kwenye gunia, akavuka kijito, akamwachilia upande wa pili. Upande wa pili ni kwetu. Viazi vitamu vya mama viliisha kwa fuko wa Mwalimu, na mama alipolalamika, Mwalimu alisikitika kwa moyo wote, akatuletea kikapu cha viazi vyake. Mpaka leo tunabishana nyumbani. Mama husema yule mzee alikuwa na huruma kwa wanyama. Mimi husema alijua vizuri kijito ni mpaka wa nani na nani.

Halafu kuna habari ya damu. Baba aliwahi kuangukiwa na mti aliokuwa akiukata, akapelekwa hospitalini Nyeri akiwa amevuja damu nyingi. Ndugu zake walisita. Mmoja alisema ana presha, mwingine alisema sindano humzimisha. Mwalimu alivua koti, akalikunja vizuri, akanyoosha mkono. Baba alipona kwa damu ya mtu aliyekuwa ameahidi mbele ya foleni nzima kumlipiza kisasi. Nilimwendea kumshukuru, machozi yakinilengalenga. Akanijibu, "Mtu kama bado hujamalizana na yeye, unamwombea aishi." Machozi yakakauka papo hapo.

Na jinsi alivyosimulia. Nimesikia watu wengi wakieleza ubaya waliofanyiwa, na wote huanza na ubaya wenyewe: alinichukulia shamba, alinisema kwa mke wangu. Mwalimu alianza na yeye mwenyewe. "Wewe unanijua," alimwambia yeyote aliyekuwa karibu, awe muuza duka au kondakta. "Unajua mimi si mtu wa hasira." Ukikubali, umeshaingia upande wake. Kisha alieleza alivyovumilia, alivyotabasamu, alivyokunywa chai na adui yake, alivyomsifu hadharani, na yote hayo uliyaona ni kweli kwa sababu ulikuwa umeyaona kwa macho yako. Akaeleza kwamba mtu akijua umekasirika ameshapata nusu ya alichotaka. Kwamba ukilipa haraka umejilipia mwenyewe tu, hukumlipa yule. Alieleza kila kitu isipokuwa kosa. Alipolikaribia kosa alinyamaza, akarekebisha kola, akauliza habari za nyumbani. Usingeweza kumwuliza zaidi bila kujiona mmbea.

Baba ni mtu wa aina nyingine kabisa. Hasira yake ilikuwa moto wa mabua. Atakutukana Jumatatu, Jumanne aje kuazima jembe, na ukimkumbusha matusi atakuuliza matusi gani. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu kama huyo ukimwambia amekukosea, anakuamini, ila hajui ni lini wala ni wapi. Kila mara alimwendea Mwalimu. "Si uniambie tu," alimwambia. "Kama niko na makosa, nitaomba msamaha hapa hapa." Na kila mara Mwalimu alimvutia kiti. "Mimi na wewe? Wacha hiyo maneno, Baba Nyambura. Kunywa chai." Chai ilikuwa nzuri. Baba alirudi amejaa chai na amekonda zaidi. Mama, ambaye hapendi makuu, alimwambia, "Mtu akikuchukia na anakuletea parachichi, kula parachichi." Baba hakuweza. Aliwapa ng'ombe.

Mwaka juzi miguu ya baba ilianza kuvimba, na daktari akatuambia kwamba moyo umechoka. Baba hakuogopa kufa. Aliogopa kufa na neno la mtu. Kwetu husemwa kwamba anayezikwa na neno la jirani huwaachia watoto neno hilo, na baba alipotutazama, mimi na wanangu, nilimwona anahesabu ni nani litampata. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajaenda: mbuzi wa kupatana achinjwe, yeye na Mwalimu wale nyama ya mfupa mmoja.

Desturi hiyo niieleze, maana kila kitu kilikwama hapo. Mbuzi huyu hachinjwi eti kwa sababu watu wawili wamechoka kuviziana. Wazee wanaketi, aliyekosewa analitaja kosa kwa mdomo wake mbele ya watu, aliyekosa anakubali, ndipo kisu kinatolewa. Bila kosa kutajwa, hiyo ni karamu kama karamu nyingine, na kila mtu anarudi nyumbani na neno lake.

Wazee walikuja asubuhi, wakaketi uani kwenye viti tulivyoazima kanisani. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Mwalimu alifika na koti lake, viatu viking'aa, akasalimia kila mtu, akamuuliza baba kuhusu miguu. Mwenyekiti wa wazee, mtu mfupi asiyependa kupoteza wakati, akaanza. "Mwalimu, kuna neno kati yako na huyu?"

"Mimi sina neno na Baba Nyambura," akasema Mwalimu.

"Iko," akasema baba. "Ako nayo. Kila mtu anajua."

"Kama iko, basi yeye ndiye anaijua."

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Sasa sisi tufanye nini? Mbuzi hachinjiwi hewa."

Hapo baba akafanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya. Alisimama na bakora yake, akasema kama Mwalimu hataki kutaja, atataja yeye. Atataja yote anayoyakumbuka mpaka wafike.

Akasema labda ni ule wakati wa ukame, alipomchanganyia Mwalimu maziwa na maji. Mimi ndiye niliyeyabeba maziwa hayo, na sikujua. Mwalimu akatikisa kichwa kwa upole. "Hapana. Si hilo." Baba akasema labda ni kijito, kiangazi kimoja aliyageuza maji kwa mawe huko juu, mboga za Mwalimu zikakauka, naye akasingizia watoto. Wazee wawili wenye mashamba huko chini wakatazamana. "Si hilo," akasema Mwalimu. Kisha baba akasema labda ni mke wa Mwalimu, kwamba aliwahi kumtaka, na kwamba hata baada ya yeye kuolewa kuna siku alimwambia maneno yasiyofaa kuambiwa mke wa mtu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai. Aliiweka chini polepole, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Mwalimu alifumba macho kidogo. Nilidhani tumefika. Halafu akatikisa kichwa. "Hata hilo," akasema, "si hilo."

Nilitaka kumpiga, nasema wazi. Nilikuwa nimesimama karibu na mbuzi, na nilitaka kung'oa ufito wa zizi nimpige yule mzee, kwa sababu nilimwona baba yangu amesimama mbele ya darasa, na kwa sababu Mwalimu hakuonekana kufurahi. Angefurahi ningemwelewa. Alikuwa akimtazama baba kwa huruma kabisa, kama alivyomtazama siku alipomtolea damu.

"Labda ni mazishi," baba akasema mwishowe. "Mazishi ya mama yako. Uliteleza kwa matope pale kaburini, ukaanguka. Labda mimi nilicheka."

Safari hii Mwalimu hakutikisa kichwa. Alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa viatu, akatazama juu, akasema mvua inakuja, na kweli ilikuwa inakuja. Wazee wakatawanyika. Mbuzi alibaki kwenye nguzo, akala sukuma wiki yote ya mama aliyoweza kuifikia.

Yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa kisasi, kama kilikuwa kisasi. Majirani wa chini waliacha kumsalimu baba. Kanisani aliondolewa kwenye kamati kwa maneno matamu. Mama alimpikia na kumfulia na kumnyamazia. Ilifika mahali nyumba yetu ilikuwa na sauti ya redio tu. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa baba. Alijifanyia yote kwa mdomo wake mwenyewe, na bado hakuwa amesamehewa. Mwalimu naye akahamia Timau kwa binti yake, anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Kabla ya kuondoka alivuka kijito kuja kutuaga, na alikuja na mkungu wa ndizi.

Baba alipoanza kulala ameketi kwa sababu ya pumzi, nilifunga kibanda nikaenda Timau. Nilimkuta Mwalimu nje, mgongo ukutani, akiota jua, skafu ya binti yake shingoni. Alikuwa amezeeka ghafla, koti limekuwa kubwa kwake. Alinitambua, au nadhani alinitambua, maana aliniita mami. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlimani, mlima ule ule ambao kwetu huonekana kutoka upande mwingine, akalalamika. "Hapa mlima umekaa vibaya," akasema. "Kila asubuhi natoka nautafuta upande ule, kumbe uko huku. Mtu anaweza kuchanganyikiwa." Binti yake alipoleta chai aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine mzee yuko sawa, siku nyingine hayuko. Sikumuuliza leo ni ya aina gani. Niliogopa jibu.

"Mwalimu," nikasema, "baba anaenda. Sikuja kwa ajili ya chai. Nataka uniambie alikukosea nini."

"Kuna mtu alinikosea," akaanza, kwa sauti ile ile ya miaka yote. "Alinikosea mara nyingi, nikanyamaza. Halafu siku moja." Akakwama. Aligeuza kikombe mkononi, akatazama ndani yake.

"Siku moja nini?"

"Baba yako alitaja nini siku ile?"

"Si ulikuwepo?"

"Nikumbushe."

Nikamkumbusha. Nilitaja maziwa, nikataja kijito, na habari ya mke wake niliisema nikitazama chini. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipofika kwenye mazishi akayafumbua.

"Hiyo," akasema.

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Sasa mbona hukusema siku ile? Mbona umenyamaza miaka hii yote?"

Alinitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga darasani. "Umeanguka kwa kaburi ya mama yako mbele ya watu wote. Mtu anacheka. Utasimama mbele ya wazee useme, huyu alinicheka? Ukishasema, si hata wao watacheka?"

Iliniingia. Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa na furaha, na hasira pia, kwamba kitu kidogo hivyo kimekula maisha ya watu wawili. Nilimwonea Mwalimu huruma kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha. Nilimwona kijana, magoti yamejaa udongo mwekundu, akisikia kicheko nyuma yake.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Ya kucheka. Nilikuwa nimemaliza yote niko nayo, na alikuwa bado ananiangalia. Sikuona akianguka. Niliambiwa baadaye. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwa sufuria, tunapikia watu chai."

Nikamfuata mama jikoni nikamuuliza. "Alikuwa na mimi," mama akasema bila kugeuka. "Tulikuwa tunakoroga sufuria moja. Hakutoka hapo mpaka watu wakaanza kula."

Jambo hili nimelifikiria nikikunja nguo, nikipiga pasi, nikibishana na wateja, na sijalimaliza. Huenda Mwalimu alikuwa amelisahau kosa lake la kweli, akaokota lililokuwa karibu. Huenda hakuwahi kuwa na kosa lolote. Alikuwa na kisasi tu, akakitafutia mtu wa kulipizwa. Huenda aliona baba anakufa, akamhurumia, akachagua dogo kuliko yote. Au huenda mtu aliyezeeka akisikiliza watoto wakitaja makosa yao alijua siku ile ile ni lipi lilikuwa la kutungwa, na akalichagua kwa sababu hiyo. Yote yanafanana naye. Hapo ndipo ninapochoka.

"Basi tumwambie si kweli," nikamwambia baba.

Baba alivuta pumzi. "Mbuzi anataka jina," akasema. "Amepewa jina. Ita wazee."

Mwalimu aliletwa kwa gari la kukodi, binti yake akimshika mkono. Wazee walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Mwenyekiti akauliza swali lake, na Mwalimu akasimama, mgongo umenyooka, akawa yule wa zamani. "Ndiyo," akasema. "Neno iko."

Alilisimulia vizuri mno. Alisema mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo wa kaburi ulikuwa umelainika. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa udongo. Mguu wa kushoto ukateleza, akaingia mpaka magotini, kofia ikaangukia jeneza la mama yake. Hakuna aliyepumua. Na katika kimya hicho, huko nyuma karibu na mparachichi, kulikuwa na mtu ameshika kikombe cha chai, na mtu huyo akacheka. Si kwa sauti kubwa, kidogo tu, puani. Mwalimu aligeuka akamwona. Kisha akaiokota kofia, akaivaa na matope yake, akaendelea kumzika mama yake.

Mzee mmoja alifuta macho. Mimi nilibaki nashangaa, maana baba hajawahi kucheka puani maishani mwake. Baba hucheka mdomo wazi, kuku wakakimbia. Nilimtazama nikitegemea atainamisha kichwa tu, akubali, tumalize. Baba alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. Alikuwa akimfuata Mwalimu neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Mwalimu alipotaja mparachichi, baba alisema polepole, "Ile ya matunda madogo."

"Hiyo hiyo," akasema Mwalimu.

"Baba Nyambura," akasema mwenyekiti, "unakubali?"

"Nakubali. Nilicheka. Nisamehe."

Kisu kikatolewa. Walikula mfupa mmoja, Mwalimu akitafuna kwa upande wenye meno. Mimi ndiye niliyemmwagia maji ya kunawa, na nilipotazama juu niliona analia, machozi ya kweli yakiingia kwenye kola ya koti. Sikujua analilia nini. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili na wakakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi. Akiwa mlangoni mwa gari aliniambia, "Baba yako ni mtu mzuri, mami. Alikuwa na kosa moja tu." Gari likapanda kuelekea barabarani. Sijamwona tena.

Watu walipoondoka nilikaa na baba kibarazani, jua bado liko. Alikuwa akipumua vizuri kuliko siku nyingi. Nilidhani anangoja niseme kitu ili tucheke pamoja, mimi na yeye, kwa jinsi tulivyowazunguka wazee.

"Baba," nikasema, "umeigiza kama mtu wa redio."

Alinitazama bila kunielewa. "Nilikuwa nimeshika kikombe," akasema. "Ya bati. Alianguka, Nyambura, kofia ikaenda, na mimi nikacheka. Mtu anazika mama yake na mimi nacheka." Akaanza kulia taratibu, mikono imelala magotini.

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba alikuwa kwenye sufuria, kwamba mama ni shahidi, kwamba alilitunga yeye mwenyewe na aliniambia hivyo. Mama alikuwa ametoka jikoni na karai la maji ya moto. Alilitua chini, akapiga magoti, akaanza kumvua baba soksi. Tangu ile siku wazee walipokuja mara ya kwanza sikuwa nimemwona akimgusa.

"Usimnyang'anye," akaniambia.